Kabla ya kununua betri ya gari la kale, lisome gari lenyewe

Betri ndiyo kitu cha mwisho ambacho wengi hukifikiria wanapofufua gari la kale. Injini inafunguliwa, bodi inachomelewa na kupigwa rangi, viti vinashonwa upya, halafu siku ya kuwasha mtu anachukua betri yoyote inayoingia mahali pake. Mimi nilirithi MGB ya 1965, gari dogo la michezo la Kiingereza, kutoka kwa baba mkubwa, na kuirudishia betri zake sahihi kulinichukua muda mrefu kuliko kufungua breki zote. Maelezo niliyoyahitaji yalikuwa yametawanyika, mengine yanapingana, na baadhi yake ukiyafuata yalivyo unaweza kuliunguza gari. Ndiyo maana nimeamua kuyaandika.

Gari lilinifikia likiwa na betri moja ya plastiki, ya volti 12, aina ya kawaida ya siku hizi, imefungwa kwa mkanda wa mpira nyuma ya kiti cha dereva. Stata ilikuwa inazungusha, taa zinawaka. Saa ya kupima mizunguko ya injini tu ndiyo iliyokuwa imekufa, sindano imelala kwenye sifuri, na kila aliyeitazama alisema nitafute nyingine. Nikamwita fundi umeme mmoja, mtu mzima aliyeyashika magari ya Kiingereza tangu ujana wake. Akainua zulia, akatazama, akanigeukia.

"Mwanangu, ya pili iko wapi?"

"Ya pili ipi, mzee?"

"Betri. Gari hili huzaliwa na mbili."

Alikuwa sahihi. MGB zilitoka kiwandani Abingdon, Uingereza, zikiwa na betri mbili za volti 6, moja kila upande wa shafti inayokwenda nyuma, zimeunganishwa kwa mfululizo ili kutoa volti 12. Waliendelea hivyo mpaka katikati ya miaka ya 1970 ndipo wakaweka moja. Nilifungua kifuniko cha upande wa pili na chini yake nikakuta treyi imejaa udongo mkavu na unga mweupe wa tindikali, chuma chake kimeliwa mpaka kidole kinapenya. Ndani ya uchafu ule zilikuwamo nondo mbili nyembamba zenye ndoano, zile zinazoibana betri isirukeruke, na kipande cha waya mnene uliokuwa ukiunganisha betri mbili. Nilivitoa kwa brashi ya waya polepole, nikavipanga juu ya gazeti. Hapo ndipo nilipoelewa kwamba majibu yote niliyokuwa nikiyatafuta kwa wauzaji yalikuwa ndani ya gari muda wote.

Jambo la kwanza kuthibitisha ni volti, na mwaka wa gari peke yake hautoshi. Chevrolet ya 1955 ni ya volti 12, lakini Ford ya Marekani ya mwaka huohuo bado ni ya volti 6, maana Ford walihamia 12 kwenye modeli za 1956. Cadillac, Buick na Oldsmobile walikuwa wameanza kuhama tangu 1953. Beetle za Volkswagen zilizouzwa Marekani zilibaki na volti 6 mpaka modeli za 1966, na Citroën 2CV mpaka 1970. Kwa hiyo usitegemee tarehe tu. Tazama vitu vilivyofungwa na kiwanda: balbu huwa na volti zake zimepigwa kwenye kitako, na koili, stata na mota ya waipa mara nyingi zina kibati chenye namba.

Watu hupenda kuhesabu vifuniko vya maji juu ya betri. Kila seli hutoa takribani volti 2, kwa hiyo vifuniko vitatu ni volti 6 na sita ni volti 12. Hesabu hiyo ni ya kweli, ila inakueleza betri iliyopo tu, haikuelezi gari. Mtu akikuta betri ya vifuniko vitatu ndani ya MGB bila kujua kwamba ina mwenzake, atalitangaza kuwa gari la volti 6 na kuanza kubadilisha balbu zote.

Kama gari lako kweli ni la volti 6, tazama nyaya zake kabla ya kuilaumu betri. Ili stata ifanye kazi ileile kwa volti 6, inavuta umeme mara mbili ya ule ambao ingeuvuta kwa volti 12. Stata ya kilowati moja inataka karibu ampea 170 badala ya 83. Waya mwembamba wa kisasa haubebi mzigo huo bila kupoteza nguvu njiani, na hapo ndipo zinapotoka zile lawama kwamba magari ya volti 6 ni mazito kuwaka. Nimeyaona mawili ya aina hiyo kwa wenzangu. Yote mawili yalipona kwa kuwekewa waya mnene na kusafishwa sehemu ya arthi, yaani pale waya wa betri unapofungwa kwenye bodi, mpaka chuma king'ae, betri ikiwa ileile.

Baada ya volti inakuja arthi, na hapa nawaomba msiwe na haraka hata kidogo. Magari ya siku hizi yote hufunga hasi kwenye bodi. Zamani haikuwa hivyo. Ford Model A ilifunga chanya kwenye bodi, na Ford za Marekani ziliendelea hivyo mpaka 1955. Magari ya Kiingereza yenye vifaa vya umeme vya Lucas mengi yalikuwa ya arthi chanya mpaka katikati na mwisho wa miaka ya 1960. MGB ilibadilika mwishoni mwa 1967, ilipopewa alteneta ya kuchaji betri badala ya dainamo ya zamani. Kwa hiyo ya 1965 ilipaswa kuwa ya arthi chanya. Langu lilikuwa limefungwa hasi kwenye bodi.

Je, kiwanda kiliiunda hivyo au kuna mtu aliigeuza? Swali hili lina majibu matatu yaliyojificha mahali ambapo mtu hapaangalii. La kwanza lilikuwa kwenye ile saa ya mizunguko iliyokufa. Nyingi za saa hizo za Smiths za wakati ule huandikwa kwenye uso wake, kwa herufi ndogo mno chini ya sindano, ni arthi gani inayohitajika. Nilifuta vumbi la kioo kwa kitambaa chenye maji, nikamulika kwa tochi kwa ubavu, na maandishi yakajitokeza: chanya. Saa ile ni ya kielektroniki na haifanyi kazi ikigeuziwa umeme. Haikuwa imekufa kwa uzee.

La pili lilikuwa kwenye ncha za nyaya. Kichwa cha chanya cha betri ya kawaida ni kinene kuliko cha hasi: juu kina karibu milimita 17.5, na cha hasi karibu 15.9. Wenye kutengeneza walifanya hivyo makusudi ili waya usiingie upande usio wake. Waya wa arthi uliotoka kiwandani, kama gari ni la arthi chanya, una ncha yenye tundu kubwa. Waya wangu wa zamani uliofungwa kwenye bodi ulikuwa na ile ncha ya Lucas yenye umbo la kofia, inayofunika kichwa chote cha betri na kukazwa kwa skrubu katikati. Tundu lake lilikuwa lile kubwa. Aliyegeuza gari alikuwa ameilazimisha kukaa juu ya kichwa chembamba cha hasi kwa kuizungushia kipande cha bati la risasi.

La tatu ni koili. Koili za Lucas za zamani hazikuandikwa alama za kujumlisha na kutoa. Ziliandikwa SW upande wa swichi na CB upande wa distribyuta. Langu lilikuwa na waya wa swichi kwenye CB. Aliyeligeuza alijua kwamba cheche inahitaji voltiji kubwa zaidi ikiwa koili imefungwa kinyume, kwa hiyo alibadilisha nyaya ili injini isikose nguvu. Sehemu hiyo aliifanya vizuri. Sababu ya kuligeuza niliikuta kwenye dashibodi: redio ya miaka ya baadaye, ya arthi hasi.

Sikuweza kuficha furaha yangu siku ile. Saa niliyokuwa nimeambiwa niitupe ilikuwa nzima, na nilikuwa na ushahidi wa namna gari lilivyoondoka kiwandani.

Ukitaka kulirudisha kwenye arthi yake, kugeuza betri peke yake hakutoshi. Dainamo hukumbuka upande wake kwa sumaku kidogo inayobaki kwenye chuma chake, na ikiwa bado inakumbuka upande wa zamani itachaji kinyume na kuunguza pointi za katauti, ile swichi inayounganisha na kutenganisha dainamo na betri. Kwa dainamo ya Lucas kama yangu, ukishafunga betri kwa arthi mpya, unachomoa waya ulioko kwenye teminali F ya dainamo, kisha unagusisha hapo kwa muda mfupi sana, mara kadhaa, waya kutoka upande wa betri usiofungwa kwenye bodi. Cheche ndogo zikitoka, kazi imekwisha. Utaratibu huu si wa kila dainamo, kwani mfumo wa General Motors na ule wa Ford una njia zake tofauti, kwa hiyo fuata kitabu cha gari lako. Gari lenye alteneta usiligeuze kabisa. Dayodi zake zitaungua mara tu utakapounganisha. Redio niliitoa na kumpa rafiki.

Sasa vipimo. Nilipima treyi zenyewe kwa futi: urefu, upana, na kimo kutoka chini mpaka kwenye kifuniko, kisha nikatoa nafasi ya nondo za kubania. Kimo ndicho kinachosahauliwa, na ndicho chenye hatari. Beetle huweka betri chini ya kiti cha nyuma, na betri ndefu kupita kiasi ikikosa kifuniko cha vichwa, mtu mzito akikaa, spring za kiti hugusa vichwa viwili na kiti kinashika moto. Kwenye MGB juu ya betri kuna kifuniko cha chuma. Acha nafasi, na usiitegemee rangi ya kifuniko kukukinga.

Namba zinazoandikwa kwenye betri zinafaa sana ukizielewa. Kwa mfumo wa Kimarekani, namba ya kundi inataja ukubwa wa kasha na mpangilio wa vichwa: 24 na 24F zina vipimo karibu sawa lakini vichwa vimebadilishana pande, na waya mfupi wa gari lako hautafika. Kwa mfumo wa zamani wa Kijerumani wa tarakimu tano, ikianza na 0 ni volti 6, na ikianza na 5 ni volti 12 isiyofika ampea-saa 100. Tarakimu mbili zinazofuata ni ampea-saa, hivyo inayoanza na 066 ni volti 6 ya ampea-saa 66. Kwa mfumo wa Kijapani, 55B24L ina urefu wa karibu sentimita 24, B inataja upana na kimo, na L inataja upande wa vichwa. Za kundi hilo la B nyingi zina vichwa vyembamba. Zenye S mwishoni ndizo zenye vichwa vya kawaida. Nimewaona watu wakikaza ncha kubwa kwenye kichwa chembamba mpaka inapasuka, kumbe herufi moja ingewaokoa.

Kisha nikaanza kutafuta, na hapa ndipo fedha na subira vilipokwenda. Muuzaji mmoja aliniletea picha za jozi aliyoiita halisi, ya mwaka wa gari langu. Niliikataa kwa picha tu. Kasha lilikuwa la plastiki laini inayong'aa, na mfuniko umeunganishwa kwa joto ukawa kipande kimoja. Betri za miaka ya 1950 na sehemu kubwa ya 1960 zilikuwa na kasha la mpira mgumu mweusi, usiong'aa, na juu yake kumezibwa kwa lami inayoonekana kingoni. Nyingi zilikuwa na madaraja ya risasi yaliyo wazi juu, yanayounganisha seli moja na nyingine, na hayo yalimwezesha fundi kupima kila seli peke yake au hata kubadilisha iliyokufa. Jina la mtengenezaji mara nyingi limechomoza kutoka kwenye kasha lenyewe, halikubandikwa kwa karatasi. Ukiona stika nzuri juu ya plastiki, hiyo ni betri ya kawaida iliyovishwa nguo.

Kwa magari ya Kimarekani kuna ishara nyingine rahisi. Ford ya miaka ya 1960 ilibeba jina la Autolite, na Motorcraft ni jina la miaka ya 1970. Vichwa vya pembeni, vinavyofungwa kwa bolti, ni vya magari ya General Motors ya miaka ya 1970 kuendelea. Ukivikuta kwenye gari la 1962, hata kama betri inasema Delco, jina la betri za General Motors, si yake. Mambo haya si ya kiburi cha wakusanyaji. Chama cha Corvette cha NCRS, kilichoanzishwa Marekani mwaka 1974, huyatazama hata haya ya betri kinapohukumu gari, na vyama vingine vya magari ya kale vinakata alama pia. Kama gari lako si la mashindano, una uhuru zaidi. Hata hivyo mimi nadhani gari lililotunzwa hivi linastahili kuonekana kama lilivyokuwa, kwa ajili ya wale watakaolishika baada yetu.

Nilinunua kasha moja halisi la Lucas, la mpira mgumu, betri imekufa siku nyingi, na lilinigharimu zaidi ya betri mpya ya kawaida. Nililihitaji kama kielelezo, ili nipime umbali wa vichwa, umbo la vifuniko na unene wa madaraja kabla ya kuagiza. Betri ya risasi na tindikali huishi miaka michache tu. Hata ile iliyouzwa kavu, bila maji, sahani zake huharibika taratibu ghalani. Kwa hiyo betri halisi ya miaka sitini iliyopita ni kitu cha kuangalia, na anayekuambia bado inaendesha gari usimpe fedha.

Njia zilizobaki ni mbili. Kuna nakala mpya zinazotengenezwa kwa umbo la zamani, lami na madaraja yote, na kuna wanaokata kasha la zamani na kuficha betri ndogo ya kisasa ndani yake. Hii ya pili siipendi. Makasha mazima ya mpira yamebaki machache, na ukishalikata halirudi. Nilichukua nakala mbili mpya. Bei yake ilikuwa mara kadhaa ya betri ya kawaida, na nilisita sana kabla ya kulipa. Uliza kwanza kilichomo ndani: nyingine zina maji ya kawaida, nyingine zimezibwa na tindikali yake imenyonywa kwenye mikeka ya nyuzi za kioo. Hizo za mikeka hazivumilii chaji iliyozidi, na regyuleta ya zamani, ile inayodhibiti chaji, isiporekebishwa vizuri inaweza kuzikausha. Nilichagua za maji ili niweze kuzipima kwa haidromita, kipimo cha uzito wa maji ya tindikali, seli kwa seli. Ikisoma karibu 1.270, imejaa.

Kama gari lako hutumia mbili kwa mfululizo, nunua zote siku moja, za aina moja. Moja ikiwa dhaifu, inaharibu mwenzake: dhaifu huchemka wakati wa kuchaji huku nyingine ikibaki na njaa. Mimi huziachanisha mara kwa mara na kuchaji kila moja peke yake kwa chaja ya volti 6.

Mafundi wamezoea kusema ondoa hasi kwanza. Kwenye gari la arthi chanya ushauri huo ni hatari. Ondoa kwanza waya uliofungwa kwenye bodi, na hapa huo ni wa chanya. Ukianza na mwingine, spana ikigusa bodi inatoa cheche kubwa pembeni ya betri inayotoa hewa ya haidrojeni. Ukiwashiwa kwa betri ya gari jingine, unganisha chanya kwa chanya na hasi kwa hasi kama kawaida, lakini usiruhusu magari hayo mawili yagusane hata kwa bampa, kwani bodi ya moja ni chanya na ya jingine ni hasi. Usimalizie waya kwenye bodi au injini bila kufikiri. Malizia kwenye betri zenyewe, ukijua kichwa unachokigusa.

Nimebandika kibao cha bati chini ya boneti, kando ya koili, chenye maandishi makubwa: arthi chanya, betri mbili za volti 6, ziko nyuma ya viti. Fundi wa matairi aliyetaka kuliunganishia nyaya za umeme mwezi uliopita alikisoma, akaweka nyaya zake chini na kuniita kwanza.